Camillus de Lellis: Mgonjwa Aliyeifundisha Hospitali Kuuguza

Msafiri anayeteremka kuelekea Ghuba ya Karungu, katika Kaunti ya Migori, huipata Sori imeketi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ni mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi wa samaki, wenye mashua zilizovutwa hadi mchangani na omena walioanikwa juani. Karibu na mji huo ndipo ilipo Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Camillus. Jina hilo hutamkwa kila siku na waendeshaji wa bodaboda wanaobeba wagonjwa, na akina mama wajawazito, na wavuvi wanaotetemeka kwa malaria. Aghalabu hutamkwa kama jina la mahali tu, kama vile mtu anavyotaja soko au kivuko. Ni wachache wanaojiuliza Camillus mwenyewe alikuwa nani.

Swali hilo linastahili jibu. Nchi nyingi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zimejitahidi kuwasogezea wananchi huduma za afya kwa kujenga zahanati na hospitali. Hata hivyo, maskini akishaufikia mlango wa hospitali, bado inasalia hatua moja ndefu, nayo ni ile ya kutoka mlangoni hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi mkononi mwa mtu anayejali. Camillus de Lellis aliishi miaka mia nne na zaidi iliyopita, katika nchi ya mbali, lakini maisha yake yote yalitumika katika kuifupisha hatua hiyo. Isitoshe, aliijua vyema kuliko watu wengi, kwa kuwa aliwahi kuwa mgonjwa mkaidi na pia mhudumu asiyefaa kabla ya kuwa mtetezi wa wagonjwa.

Utoto na Ujana

Camillus alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, eneo la Abruzzo, ambalo zama hizo lilikuwa sehemu ya Ufalme wa Napoli katika nchi ambayo leo ni Italia. Baba yake, Giovanni, alikuwa afisa wa kijeshi ambaye alionekana nyumbani kwa nadra. Mama yake, Camilla, alimzaa akiwa na umri mkubwa. Inasimuliwa kuwa alikaribia miaka 60, na kwamba majirani walimfananisha na Elizabeti wa Biblia. Mtoto akapewa jina la mama.

Mapokeo yanaeleza kuwa kabla ya kujifungua, Camilla aliota ndoto iliyomtia hofu. Alimwona mvulana mwenye alama ya msalaba kifuani akiliongoza kundi la vijana wenye alama iyo hiyo. Katika siku hizo wahalifu waliohukumiwa kunyongwa walivishwa msalaba walipopelekwa kuuawa, kwa hiyo mama aliamini kuwa tumboni mwake mna jambazi atakayewaongoza majambazi wenzake. Alifariki wakati mwanawe akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na kila alichokuwa amekiona kwa kijana huyo kilimthibitishia hofu yake. Camillus alikuwa mtoro wa masomo, mwepesi wa hasira na mpenzi wa karata na dadu. Alijifunza kusoma na kuandika tu, wala hakuendelea zaidi.

Umbo lake halikufichika. Alirefuka hadi kimo chake kikakaribia mita mbili, na kwa mtu wa kimo hicho asiye na elimu, kazi iliyokuwa wazi ni uaskari. Aliondoka na baba yake kwenda kujiunga na jeshi la Jamhuri ya Venice, lakini baba akaugua njiani na kufariki. Kijana alibaki na silaha za marehemu, kiu ya kamari na kidonda kidogo mguuni kilichokuwa kimeanza kutoa usaha.

Kamari na Kidonda

Kidonda hicho ndicho kilichoyabadilisha maisha yake. Kilianza kama jambo la kupuuzwa karibu na kifundo cha mguu, kikakataa kupona, kikawa kidonda ndugu kwa maana kamili ya neno hilo: kiliandamana naye hadi kaburini, kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Mnamo 1571 kilimpeleka Roma, katika Hospitali ya San Giacomo, iliyotengewa wagonjwa ambao maradhi yao yalihesabiwa kuwa hayana tiba. Kwa kuwa hakuwa na fedha, Camillus alikubaliwa kutibiwa kwa sharti kwamba naye atawahudumia wagonjwa wengine.

Mapatano hayo hayakudumu. Mhudumu huyo mpya aligombana na wenzake, akawaacha wagonjwa vitandani na kutoroka kwenda kucheza karata na wenye mashua wa Mto Tiber. Inasimuliwa kuwa hata chini ya mto wa kitanda chake zilipatikana karata. Hatimaye wasimamizi walimfukuza, na hakuna awezaye kuwalaumu. Inafaa msomaji azingatie tukio hili, kwa sababu mtu ambaye baadaye angewakemea wahudumu wazembe wa Roma hakuwa akizungumza juu ya dhambi za wengine. Alikuwa akiieleza hali aliyoiishi yeye mwenyewe.

Baada ya kufukuzwa, alirejea vitani. Aliitumikia Venice dhidi ya Waturuki, kisha akawa askari wa kulipwa chini ya Wahispania. Mnamo 1574 kikosi chake kilivunjwa, naye akajikuta mjini Napoli akiwa na mshahara mfukoni na karata mkononi. Alicheza akapoteza fedha, akapoteza silaha, na mwishowe akapoteza hata shati alilovaa. Kamari ilimwachia mwili wake tu, na mwili wenyewe ulikuwa na kidonda.

Barabara ya Manfredonia

Majira ya baridi ya mwaka huo yalimkuta katika mji wa Manfredonia, pwani ya Bahari ya Adria, akiomba sadaka kwenye mlango wa kanisa. Askari mrefu kupita watu wote alinyosha mkono kwa haya, huku akiepa macho ya wapita njia. Mkazi mmoja alimhurumia na kumtafutia kibarua kwa watawa Wakapuchini, waliokuwa wakijenga nyumba yao. Camillus alipewa punda wa kubebea mawe, chokaa na maji. Watoto wa mji walimcheka, naye akavumilia kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja alitumwa kwa watawa wa San Giovanni Rotondo, ambako mkuu wa nyumba alimketisha na kuzungumza naye kwa upole juu ya maisha aliyokuwa akiyaishi. Kesho yake, tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani kurejea Manfredonia, maneno hayo yalimlemea. Alishuka kutoka juu ya mnyama wake, akapiga magoti juu ya mawe, akalia kwa muda mrefu akiijutia miaka iliyopotea. Alikuwa na umri wa miaka 24. Tangu siku hiyo hakugusa tena karata.

Alitamani kuwa Mkapuchini na akapokewa kama mwanafunzi wa utawa. Lakini kanzu nzito ilikuwa ikigusa mguu wake kila alipotembea, hadi kidonda kikafumuka. Watawa walimrudisha Roma akatibiwe. Alipopata nafuu alijaribu tena, na kidonda kikafumuka mara ya pili, ndipo akaambiwa bila kificho kwamba hawezi kupokewa. Mlango aliouchagua mwenyewe ukafungwa. Uliobaki wazi ni ule wa San Giacomo, hospitali iliyokuwa imemfukuza.

Hospitali za Roma Zilivyokuwa

Ili kuelewa alichokifanya Camillus, sharti ieleweke hospitali ya karne ya 16 ilikuwaje. Roma haikukosa hospitali. Ile ya Roho Mtakatifu ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa na mashuhuri za Ulaya, yenye majengo ya fahari na riziki iliyotoka kwa Mapapa. Mgonjwa maskini hakuzuiliwa kuingia. Tatizo lilikuwa lile lililomngoja ndani. Kazi ya kuuguza ilidharauliwa, ikaachiwa watu waliokosa kazi nyingine, na pengine wahalifu waliotumikia adhabu. Mishahara ilikuwa duni na usimamizi legevu. Wagonjwa wasio na nguvu za kujilisha walikaa na njaa huku chakula kikiwa mbele yao. Wengine walilala katika uchafu wao usiku kucha kwa kuwa hakuna aliyeitika. Ilitokea hata mgonjwa aliyezimia akachukuliwa kuwa amekufa, akapelekwa kwenye chumba cha maiti angali hai.

Camillus aliporejea San Giacomo alifanya kazi kwa bidii iliyowashangaza waliomkumbuka. Mnamo 1579 wasimamizi walimteua kuwa msimamizi wa nyumba, yaani mtu wa kuangalia ununuzi, stoo, jiko na wahudumu wote. Mtoro wa jana akawa mlinzi wa zamu za usiku. Alipita wadini saa ambazo wahudumu hawakumtarajia. Alipima ubora wa chakula, na alipoletewa bidhaa mbovu alizirudisha kwa mfanyabiashara. Alihakikisha kuwa mgonjwa mpya anapokewa mlangoni, anaoshwa, anapewa nguo safi na kitanda kilichotandikwa. Aliagiza madirisha yafunguliwe ili hewa ipite, na wenye magonjwa ya kuambukiza watengwe na wenzao. Kuhusu wanaofariki, alitaka wahudumu wasubiri muda wa kutosha kabla ya kuufunika uso wa mtu na kumwondoa, ili asizikwe aliye hai.

Hakuna katika mambo hayo lililohitaji uvumbuzi mkubwa wa kitabibu. Camillus hakuwa tabibu, na matabibu wenyewe wa enzi hiyo hawakuvijua viini vya maradhi. Usafi, hewa, chakula, zamu inayotimizwa na mhudumu anayeitika vilikuwa ndani ya uwezo wa hospitali tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuvidai kila siku bila kuchoka.

Kuundwa kwa Shirika

Baada ya muda Camillus aligundua kuwa usimamizi una mpaka. Angeweza kumfukuza mhudumu mzembe, lakini aliyeajiriwa badala yake alikuwa mzembe vilevile, maadamu kazi yenyewe ilionekana kuwa adhabu. Mnamo Agosti 1582 alipata wazo la kukusanya watu ambao wangewahudumia wagonjwa kwa hiari na kwa mapenzi, si kwa ajili ya ujira. Watu watano waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye walikubali. Walikutana katika chumba kidogo mbele ya msalaba, wakasali na kupanga kazi.

Upinzani haukukawia. Baadhi ya wakuu wa hospitali walishuku kuwa kundi hilo linataka kuitwaa hospitali, wakaamuru chumba chao kivunjwe. Padri Philip Neri, mtu aliyeheshimiwa mno mjini Roma na ambaye alikuwa mwungamishi wa Camillus, naye hakuafiki. Aliona kwamba mtu asiye na elimu hawezi kuongoza jumuiya, na kwamba kuondoka San Giacomo ni kujitia katika hatari ya kurudia maisha ya zamani. Camillus alilazimika kuamua peke yake.

Alielewa kwamba bila upadri asingesikilizwa. Hivyo, akiwa na zaidi ya miaka 30, aliketi pamoja na wavulana wadogo katika chuo cha Wajesuiti kujifunza Kilatini. Wavulana walimdhihaki kwa kimo chake na kwa kuchelewa kwake, lakini mtu aliyewahi kuendesha punda mbele ya watoto wa Manfredonia alikwisha kuzoea kuchekwa. Mnamo Mei 1584 alipewa upadri na Thomas Goldwell, askofu kutoka Wales aliyekuwa akiishi uhamishoni. Mwaka huohuo aliondoka San Giacomo pamoja na wenzake wachache, wakaanza kuhudumu katika Hospitali ya Roho Mtakatifu, ambako Camillus angefanya kazi kwa miaka mingi.

Karibu na wakati huo aliandika kanuni za kuwahudumia wagonjwa. Kanuni hizo hazikuishia katika maadili ya jumla. Zilieleza namna ya kutandika kitanda, ya kumlisha asiyejiweza, ya kumwinua na kumgeuza mgonjwa, na ya kukesha na anayekata roho. Msingi wake ulikuwa mmoja: kila mhudumu aombe kujaliwa moyo wa mama anayemuuguza mwana wake wa pekee. Camillus alizoea kuwaita wagonjwa mabwana wake, na kuwahimiza wenzake watie moyo zaidi katika mikono yao. Kwa kufanya hivyo aliupindua mpangilio wa hospitali nzima. Mgonjwa maskini, aliyekuwa wa mwisho, akawekwa juu. Mhudumu, hata akiwa padri, akawekwa chini kumtumikia.

Mnamo 1586 Papa Sixtus wa Tano aliithibitisha jumuiya hiyo, na mwaka huohuo akawaruhusu wanajumuiya kushona msalaba mwekundu kwenye kanzu zao. Ndoto ya mama ilitimia kwa namna ambayo hakuitarajia. Hapa ni vyema kueleza kwamba msalaba huo si ule wa Shirika la Msalaba Mwekundu lililoanzishwa Geneva mnamo 1863, ambao asili yake ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Mnamo 1591 Papa Gregory wa Kumi na Nne aliipandisha jumuiya kuwa shirika kamili la kitawa. Pamoja na nadhiri tatu za kawaida za ufukara, useja na utii, Wakamiliani waliweka ya nne: kuwahudumia wagonjwa, hata wa tauni, hata kwa kuhatarisha uhai wao.

Nadhiri hiyo haikuwa ya mdomoni. Mnamo 1589 merikebu zilizojaa askari wagonjwa zilitia nanga karibu na Pozzuoli, jirani na Napoli, na watu wakaziogopa kama kifo chenyewe. Wanajumuiya waliingia humo kuwahudumia, na baadhi yao wakaambukizwa na kufariki. Mnamo 1595 na 1601 wengine waliandamana na majeshi hadi Hungary na Croatia kuwahudumia majeruhi vitani. Kila mlipuko wa maradhi uliacha makaburi mapya ya Wakamiliani.

Mzozo wa Huduma Kamili

Masimulizi ya maisha ya watakatifu aghalabu hupenda kuishia hapo, kana kwamba mapenzi yakishapatikana mengine yote hujipanga yenyewe. Maisha ya Camillus hayakuwa hivyo. Mnamo 1594 alikubali kuwapeleka wenzake katika hospitali kuu ya Milano ili waichukue kazi yote ya kuwahudumia wagonjwa, mchana na usiku, ya kiroho na ya kimwili. Alikata shauri hilo pasipo kuwashauri kikamilifu viongozi wenzake, na mgogoro ukazuka ndani ya shirika.

Wapinzani wake hawakuwa watu wavivu. Walisema kuwa shirika dogo halina watu wa kutosha kubeba hospitali nzima, kwamba watawa watachoka na kufa wakiwa vijana, na kwamba mapadri wanapaswa kuwafariji wagonjwa na kuwapa sakramenti, ilhali kazi za kufagia na kubeba zifanywe na walioajiriwa. Aidha, madeni yalikuwa yakiongezeka. Camillus alifungua nyumba mpya katika mji mmoja baada ya mwingine, na katika miaka ya njaa alitoa chakula na nguo bila kuhesabu, akiamini kuwa Mungu atalipa. Wadai, hata hivyo, walitaka kulipwa kwa fedha.

Camillus naye alikuwa na hoja yake, nayo ilitokana na tajriba. Aliwahi kuwa mhudumu ambaye hakuna aliyemwangalia usiku. Alijua kwamba mgonjwa hafi saa za ziara ya padri au ya tabibu. Hufa alfajiri, wakati taa zimefifia na mhudumu amelala. Kuigawa huduma, kwa maoni yake, kulikuwa sawa na kumwacha mgonjwa katika saa zile zilizo ngumu kuliko zote. Mzozo huo ulidumu kwa miaka, ukapata mwafaka wa kadiri, lakini haukumalizika wakati wa uhai wake. Kwa hakika haujamalizika popote ambapo hospitali inapaswa kuchagua kati ya kuwahudumia wengi na kuwahudumia vyema, na kati ya kutoa huduma leo na kuwepo kesho.

Ushahidi wa imani yake ulionekana katika mkesha wa Krismasi wa 1598, Mto Tiber ulipofurika. Hospitali ya Roho Mtakatifu imejengwa kando ya mto huo. Camillus alihisi hatari mapema na kusihi wagonjwa wahamishwe, lakini tahadhari yake haikupewa uzito. Maji yalipoanza kuingia, yeye na wenzake waliwabeba wagonjwa mmoja baada ya mwingine hadi orofa ya juu, akiwa na mguu uleule wenye kidonda ndani ya maji baridi. Walifanya kazi hiyo usiku kucha, na wagonjwa wakaokoka.

Miaka ya Mwisho

Mnamo 1607 Camillus alijiuzulu uongozi mkuu wa shirika, akisema afadhali awe karibu na wagonjwa kuliko karibu na barua na mahesabu. Wapo walioona kuwa uamuzi huo uliwapa viongozi wengine nafasi ya kuyashughulikia madeni. Yeye alirudi wadini.

Mwili wake wakati huo ulikuwa hospitali nyingine. Mbali na kidonda cha mguu, alikuwa na ngiri iliyomtesa kwa miongo kadhaa, sugu zenye maumivu chini ya nyayo, maradhi ya figo, na tumbo lililokataa chakula. Aliyaita maradhi hayo rehema za Mungu. Aliposhindwa kusimama, alikokota miguu kutoka kitanda hadi kitanda, akiuliza kama mgonjwa ana kiu au anataka kugeuzwa. Tarehe 14 Julai 1614 alifariki mjini Roma, katika nyumba ya shirika iliyo kando ya Kanisa la Maria Magdalena, akiwa na umri wa miaka 64.

Papa Benedict wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa mwenye heri mnamo 1742 na mtakatifu mnamo 1746. Mnamo 1886 Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtaja, pamoja na Yohane wa Mungu, kuwa msimamizi wa wagonjwa na hospitali, na mnamo 1930 Papa Pius wa Kumi na Moja akawafanya pia wasimamizi wa wauguzi. Kijana aliyefukuzwa hospitalini akawa mlezi wa hospitali zote.

Jina Lilivyofika Sori

Wakamiliani walifika katika ufuo wa Karungu na kuanzisha hospitali yao katika miaka ya 1990. Ulikuwa wakati mgumu. Mnamo 1989 serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, na ingawa uliwahi kusitishwa kwa muda, ulirejeshwa na kuwalemea wasio na kitu. Wakati huohuo UKIMWI, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini alitambuliwa mnamo 1984, uliiathiri Nyanza kuliko sehemu nyingine za nchi, na jamii za wavuvi zikaumia zaidi. Maboma yalibaki na nyanya na wajukuu. Serikali iliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo 1999. Kando ya hospitali ya Karungu ilianzishwa pia nyumba ya watoto waliofiwa na wazazi, iitwayo Dala Kiye, jina la Kijaluo lenye maana ya boma la mayatima.

Katika miaka hiyo, kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kupatikana bila malipo katika vituo vya umma mnamo 2006, kumtibu mgonjwa wa UKIMWI kulikuwa kwa kiasi kikubwa kumuuguza: kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kukaa naye asife peke yake huku baadhi ya watu wakiogopa hata kumgusa. Ndiyo kazi ileile iliyowangoja wafuasi wa Camillus ndani ya merikebu za Pozzuoli.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na mnamo Oktoba 2024 mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii ulichukua nafasi ya ule wa zamani. Kutikisika kwa misaada ya Marekani mnamo 2025 kumekumbusha kuwa huduma inayotegemea mkono wa mgeni inaweza kukatika usiku mmoja. Katika hili Camillus ni mwalimu kwa mafanikio yake na kwa upungufu wake pia. Madeni yake yanafunza kwamba huruma isiyo na bajeti humwacha mgonjwa wa kesho mikono mitupu, na kwamba haki iliyoandikwa katika katiba haifai kuachiwa ukarimu wa watu wachache wema.

Lakini bajeti nayo haimgeuzi mgonjwa kitandani. Camillus aliikuta Roma ikiwa na majengo, fedha na milango iliyo wazi, na bado wagonjwa walikufa kwa kiu hatua chache kutoka kwenye mtungi wa maji. Kila kaunti inayozindua jengo jipya la hospitali ina sababu ya kukumbuka hilo. Mama anayeteremka kwenye bodaboda usiku huko Sori, mtoto mwenye homa mgongoni, amekwisha kuimaliza safari iliyo juu yake. Safari iliyobaki ni ya yule aliye zamu.